Jinsi ya kupima wazo kubwa la kupoza dunia kwa penseli na ukurasa mmoja

Kila baada ya wiki mbili tatu mpwa wangu hunirushia video. Safari hii ni vioo angani. Juzi zilikuwa meli zinazorusha matone ya maji ya bahari ili mawingu yazidi weupe. Kabla ya hapo lilikuwa pazia la kilomita 80 la kuzamishwa baharini mbele ya barafu ya Thwaites, kule Antaktika, lizuie maji ya uvuguvugu yasiitafune kwa chini. Swali lake ni lile lile: "Mjomba, hii kweli au porojo?"

Mimi ni mpima ardhi, si mtaalamu wa tabianchi. Ila ukishazoea kazi yangu, ukapewa eneo, uzito na muda, unaweza kujua kama jambo lina miguu kabla hujamsumbua mtaalamu. Kwa hiyo nina daftari: wazo moja, ukurasa mmoja, penseli tu. Penseli kwa sababu wino ukilowa unakimbia. Na kuna kanuni ya uwandani inayokwenda nayo: namba iliyokosewa haifutwi kwa raba. Unaipiga mstari mmoja, unaandika iliyo sahihi juu yake, ili atakayesoma aone ulipoteleza. Mimi nimeteleza, nitakuonyesha wapi.

Namba za ndani ya jalada

Kabla ya wazo lolote, andika namba hizi ndani ya jalada, maana utazirudia mpaka zikukae kichwani. Jua linalotufikia, ukilisambaza kwa dunia nzima, mchana na usiku, ni wati 340 kwa kila mita ya mraba. Kama 100 kati ya hizo hurudishwa angani na mawingu, barafu na mchanga. 240 hubaki nasi. Uso wa dunia ni kilomita za mraba milioni 510. Hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa kabla ya enzi ya viwanda. Sasa imepita 420. Ikifika maradufu ya ile 280, inazuia joto la wati 3.7 hivi kwa kila mita ya mraba lisitoke. Sehemu moja katika milioni ina uzito wa tani bilioni 7.8 za hewa ukaa, na makaa, mafuta na gesi tunavyochoma vinatoa tani bilioni 37 hivi kwa mwaka.

Gawanya 3.7 kwa 240. Unapata asilimia moja na nusu. Ugomvi wote huu ni wa asilimia moja na nusu ya jua, ndiyo maana watu wenye akili zao timamu wanathubutu kuota kuipunguza.

Mwavuli, blanketi au kiraka

Swali la kwanza juu ya ukurasa: wazo hili linafungua mwavuli au linapunguza blanketi? Mwavuli ni chochote kinachozuia au kurudisha jua. Blanketi ni hewa ukaa yenyewe. Nina safu ya tatu niliyoiita kiraka, kwa mambo kama lile pazia la Thwaites, ambalo halipozi dunia wala halipunguzi hewa ukaa, linataka kuzuia bahari isipande kutokea sehemu moja tu. Usikidharau kiraka, lakini usikipime kwa mizani ya mwavuli.

Wazo likiwa la mwavuli, andika hapo hapo pembeni: bahari bado inachacha. Hewa ukaa inayeyuka baharini na kuyafanya maji yazidi uasidi. pH, kipimo cha uasidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uasidi unavyozidi, imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1, na kipimo hicho kinavyohesabiwa, huo ni uasidi ulioongezeka kwa zaidi ya robo. Mwavuli haugusi jambo hilo hata kidogo. Video nyingi zinaliruka.

Zihesabu sifuri

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Chukua mwavuli wa angani. Mwaka 1989 James Early alipendekeza ngao ya kioo iwekwe kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea jua, mahali ambapo mvuto wa jua na wa dunia hupatana kiasi kwamba kitu kinaweza kubaki katikati yetu na jua. Mwaka 2006 Roger Angel, mtaalamu wa darubini wa Arizona, akaivunja ngao hiyo kuwa vipande trilioni 16, kila kimoja gramu moja hivi, jumla tani milioni 20. Lengo lake lilikuwa kupunguza jua kwa asilimia 1.8.

Kabla ya kuhesabu, fanya hili usiku. Washa taa yenye globu kubwa, shika sarafu karibu kabisa na ukuta. Kivuli ni cheusi, kingo zimekatika kama kwa wembe. Sasa irudishe sarafu polepole kuelekea kwenye taa. Kingo zinalegea, kiini cheusi kinasinyaa, na ghafla hakipo tena. Ukutani umebaki ukungu wa kijivu usiojua unaanzia wapi. Kiini cheusi cha kivuli cha jua hufika umbali wa kama mara 107 ya upana wa kitu. Gawanya kilomita milioni 1.5 kwa 107: ungehitaji sahani ya kilomita 14,000, pana kuliko dunia yenyewe, ndipo doa jeusi litufikie. Kwa hiyo ile hofu ya kivuli kitakachokaa juu ya nchi fulani iondoe. Vipande vya Angel vingetuletea kijivu tu, kote.

Sasa uzito. Tani milioni 20, tuseme tani 100 kwa roketi moja, mzigo ambao ni roketi chache mno zimewahi kuubeba. Safari 200,000. Moja kila siku bila kukosa: miaka 548. Na hapo bado sijatoka mbali na dunia. Angel mwenyewe aliliona hilo, akapendekeza virushwe kwa mitambo ya sumakuumeme badala ya roketi. Kwenye ukurasa wangu pameandikwa: fizikia sawa, usafiri hapana.

Fungua ukurasa wa salfa, yaani mwavuli wa chembe za salfa zinazonyunyizwa juu hewani zirudishe jua, ulinganishe. Juni 1991 mlima Pinatubo, Ufilipino, ulirusha tani zinazokadiriwa kati ya milioni 15 na 20 za dioksidi ya salfa mpaka tabaka la stratosfia, na dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzijoto katika mwaka uliofuata. Tani karibu zile zile, lakini safari ni ya kilomita kama 20 kwenda juu, si milioni 1.5. Ndiyo sababu Paul Crutzen, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1995 kwa utafiti wa ozoni, aliandika mwaka 2006 kwamba jambo hili lichunguzwe kwa makini, ingawa alijua salfa huidhuru ozoni ile ile aliyoishughulikia maisha yake yote. Kwa penseli peke yake, salfa inapita mtihani. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Ukiachia, nini kinatokea?

Swali hili nimelipa mstari wake mwenyewe chini ya kila ukurasa. Chembe za Pinatubo zilishuka ndani ya miaka michache. Hewa ukaa tunayoitoa leo, sehemu yake kubwa itakuwepo karne na karne. Maana yake, anayeanza kunyunyiza salfa lazima arudie kila mwaka, na akiacha ghafla, kwa vita au kwa kuishiwa, joto lililokuwa limefichwa linarudi ndani ya muongo mmoja au miwili. Ni kama kushika mlango unaosukumwa na mtu anayezidi kunenepa.

Kisha uliza mvua itakwenda wapi. Watafiti waliopitia kumbukumbu za ukame wa Sahel, ule ukanda mkavu kusini mwa Sahara, mwaka 2013 walikuta kwamba majira matatu kati ya manne makavu kupita yote yalitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkeno kaskazini mwa ikweta, ikiwemo Katmai ya 1912 na El Chichón ya 1982. Chembe zikijaa upande mmoja wa dunia, ukanda wa mvua husogea kuukimbia upande huo. Wazo likisema "wastani wa dunia utapoa", ujue wastani haunyeshewi. Wanaonyeshewa ni watu.

Upande wa blanketi

Huku ndiko nilikoteleza. Ukurasa wa mashine za kunyonya hewa ukaa: mtambo wa Mammoth kule Iceland, uliozinduliwa 2024, umejengwa kwa uwezo wa kunyonya tani 36,000 kwa mwaka. Nilichukua tani bilioni 10 kutoka kwenye jedwali moja la utoaji wa dunia, nikagawanya, nikapata mitambo 278,000. Nikamtumia mpwa wangu picha ya ukurasa huku nimejaa kiburi.

Akajibu baada ya dakika tano. "Mjomba, samahani, hiyo bilioni 10 ni kaboni tupu. Mashine inapimwa kwa hewa ukaa."

Kweli kabisa. Kaboni ina uzito wa 12. Ikishikana na oksijeni mbili inakuwa 44. Zidisha kwa 3.67 ndipo unapata ile bilioni 37. Mstari mmoja juu ya 278,000, na juu yake: zaidi ya milioni moja. Tangu siku ile, pembeni ya kila tani naandika "kaboni" au "hewa ukaa" kabla hata ya kuandika namba. Fanya hivyo, kwa sababu majedwali hutumia zote mbili na mara nyingine kwenye ukurasa mmoja.

Jiwe la olivini nalo ni zuri kulipima. Likisagwa likalowa, hushika hewa ukaa; kwa kemia tupu, tani moja inaweza kumeza tani 1.25. Kumeza hewa ukaa yetu ya mwaka mmoja tu kunataka tani bilioni 30 za mwamba kuchimbwa, kusagwa unga na kumwagwa, zaidi ya mara tatu ya makaa yote yanayochimbwa duniani kwa mwaka. Kama nyongeza ndogo, inaingia akilini. Kama dawa pekee, hapana.

Kurutubisha bahari kwa chuma nitapita haraka. Mwaka 2012 tani kama 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa magharibi mwa Kanada, mimea midogo ya bahari, inayonyonya hewa ukaa, ikachanua, na hakuna aliyeonyesha ni kiasi gani cha kaboni kilizama chini kikakaa. Mwaka uliofuata nchi za Itifaki ya London, mkataba wa kuzuia utupaji wa taka baharini, zikapitisha marekebisho ya kudhibiti mambo hayo. Likija wazo la kuchanua, uliza la kuzama.

Nani ameombwa ruhusa

Mstari wa mwisho. Mpima ardhi haingii shambani bila kuongea na mwenye shamba, na hewa ina wenyewe wengi. Mwaka 2021 kikundi cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichochunguza mwavuli wa chembe kilitaka kurusha puto karibu na Kiruna, Sweden, kujaribu vifaa tu, bila kumwaga kitu. Baraza la Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini kule, likapinga, jaribio likafutwa, na mradi ukafungwa 2024. Mwanzoni mwa 2023 Meksiko ilitangaza itapiga marufuku majaribio ya aina hiyo, baada ya kampuni moja kurusha maputo yenye salfa kutoka ardhi yake bila kumwuliza mtu. Ukurasa usio na jibu la mstari huu nauandika "bado", hata hesabu iwe safi vipi.

Jana usiku imekuja nyingine: tuifunike Sahara kwa karatasi nyeupe inayong'aa. Nimeanza. Wati 3.7 mara uso wote wa dunia. Mita moja ya mchanga ikifunikwa, kwa makadirio yangu, inarudisha wati 100 zaidi, tukiwa wakarimu. Inatoka eneo karibu mara mbili ya Sahara nzima. Na kwenye mstari wa mvua nimeandika jina la Jule Charney, mtaalamu wa hali ya hewa aliyeonyesha mwaka 1975 kwamba jangwa likizidi kung'aa, hewa juu yake hushuka na mvua ya Sahel hupungua. Sijamtumia mpwa wangu bado. Nimemwambia ahesabu kwanza yeye, kisha tutalinganisha mistari iliyokatwa.