Namna ya Kusoma Matokeo ya Kidato cha Nne ya Shule za Serikali Jijini Tanga

Tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule kumi bora, mzazi wa Tanga anayetaka kujua hali ya shule ya serikali iliyo karibu naye hana budi kuyasoma matokeo mwenyewe. Kazi hiyo inahitaji kalamu, karatasi na matokeo ya miaka mitatu mfululizo, ambayo hupatikana bure katika tovuti ya Baraza.

Chagua shule, kisha uanze na jedwali la madaraja. Hapo ndipo wazazi wengi tunapopotea, kwa kuwa neno "ufaulu" hujumuisha daraja la kwanza hadi la nne. Chukulia shule yenye watahiniwa 120, ambapo 4 wamepata daraja la kwanza, 10 la pili, 18 la tatu, 70 la nne na 18 sifuri. Mkuu wa shule akitangaza kikaoni kwamba ufaulu ni asilimia 85, amesema kweli. Lakini ni wanafunzi 32 tu, kama asilimia 27, waliofika daraja la tatu au zaidi, na daraja la nne, linaloanzia pointi 26, kwa kawaida halimfikishi mtoto kidato cha tano. Kwa hiyo hesabu madaraja matatu ya juu peke yake, ugawe kwa idadi ya waliofanya mtihani, na urudie hivyo kwa kila mwaka.

Wastani wa shule, yaani GPA, husomwa kinyume na mazoea: A ni pointi 1 na F ni pointi 5, hivyo wastani mdogo ndio bora.

Usiilinganishe shule ya kata ya Pongwe au Tongoni na Tanga Ufundi, inayopokea wanafunzi waliochaguliwa kwa alama zao za darasa la saba. Huo si ulinganifu wa haki, na huwavunja moyo walimu wanaofundisha watoto wa aina zote. Ilinganishe na shule nyingine ya kutwa, au, bora zaidi, na matokeo yake yenyewe ya miaka iliyotangulia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni watoto wasioonekana katika jedwali. Tafuta matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyohiyo ya miaka miwili nyuma, uone ni wangapi walifanya mtihani ule, kisha ulinganishe na waliofika kidato cha nne, wasichana na wavulana kando kando. Wakiwa wamepungua sana, huenda asilimia nzuri imetokana na walioacha shule au kukariri darasa.

Mwishowe pitia somo moja moja, hasa Hisabati. Somo likianguka miaka yote mitatu huku mengine yakipanda, uliza kwenye kikao cha wazazi lina walimu wangapi.