Kutafuta vigawo vya namba ya Fibonacci kwa penseli

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea namba 4181 akitaka kujua kama ni tasa. Alikuwa ameshaigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na daftari lilikuwa limechafuka kwa kufutwafutwa. Kwa kuwa 4181 ni namba ya 19 katika mfuatano wa Fibonacci, nafasi yake peke yake inatosha kutuonyesha vigawo vya kujaribu.

Hatua ya 1. Andika 1, 1, kisha kila mara jumlisha mbili za mwisho. Nafasi huhesabiwa kuanzia ile 1 ya kwanza.

Hatua ya 2. Chagua namba tasa, tuseme 7, na uandike tu mabaki ya kugawa kila namba ya mfuatano kwa 7: 1, 1, 2, 3, 5, 1, 6, 0. Hapa sitaki kikokotoo, kwa sababu namba zikirefuka hukata tarakimu za mwisho, nazo ndizo tunazozihitaji.

Hatua ya 3. Simama kwenye sifuri ya kwanza. Hatua hii ilinipotezea jioni nzima zamani, kwa sababu niliendelea kuandika nikingoja 1, 1 zirudi. Kwa 7, sifuri ya kwanza iko nafasi ya 8, lakini baada yake hufuata 6, 6, 5, 4, 2, 6, 1, 0, ndipo 1, 1 zinaporudi katika nafasi ya 17 na ya 18. Mzunguko mzima una urefu wa 16, ilhali 7 hugawa namba iliyo katika kila nafasi ya nane: 21 ni ya 8, na 987 ni ya 16. Ukichukua 16 badala ya 8, kanuni inayofuata itaonekana ya uongo, nawe utarudia hesabu zilizokuwa sahihi, kama nilivyofanya mimi.

Hatua ya 4. Acha kando 2, ambayo sifuri yake ya kwanza iko nafasi ya 3, na 5, ambayo yake iko nafasi ya 5. Namba tasa nyingine ikiishia na 1 au 9, punguza moja. Ikiishia na 3 au 7, ongeza moja. Nafasi ya sifuri ya kwanza lazima igawe jibu hilo bila baki. Kwa 13 nafasi ni 7, na 7 hugawa 14.

Hatua ya 5. Sasa geuza kanuni. Nafasi ya sifuri ya kwanza lazima igawe 19, kama 8 inavyogawa 16 kwa 7; na kwa kuwa 19 ni tasa, kila kigawo tasa cha 4181 kina sifuri yake ya kwanza katika nafasi ya 19 hasa. Kwa hiyo kigawo hicho, ambacho ni witiri, kimepungua au kimezidi kwa moja kigawe fulani cha 38 (yaani 38, 76, 114 na kuendelea), kwa sababu namba hiyo ya jirani ni shufwa na hugawika kwa 19. Kipeuo cha pili cha 4181 hakifiki 65, kwa hiyo wagombea ni 37 na 39 tu, na 39 si tasa. Gawa kwa 37: unapata 113 kamili.

Kwa 1597, ambayo ni ya 17, tumia vigawe vya 34. Wagombea walio chini ya 40 ni 33 na 35, ambao si tasa. Basi 1597 ni tasa, na hatukugawa hata mara moja.