Kupiga hesabu za g bila kupotezwa na r

g, yaani nguvu ya mvutano kwa kila kilo, sio 9.8. Yaani 9.8 ni g ya hapa chini tulipo, juu ya uso wa dunia, ukipanda inapungua, ukifika mwezini ni 1.6, sasa mtu aliyeikariri kama namba isiyobadilika swali la kwanza tu la satelaiti linamwangusha.

Ichukulie hivi: weka kilo moja mahali fulani, inavutwa kwa newton ngapi? Jibu ndo g ya mahali hapo, na kizio chake ni newton kwa kilo. Kanuni yake ni

g = GM/r²

r ni umbali kati ya kinachovuta na kinachovutwa. M ni masi ya kile kinachovuta, sio kinachovutwa. Masi ya kinachovutwa ilishakatwa tulipogawanya nguvu kwa kilo zake (ndo ile newton kwa kilo), ndo maana haijalishi umeweka kokoto au gari, g ni ileile. G ni namba ya mvutano isiyobadilika popote, 6.67 × 10⁻¹¹, ni ndogo kinoma, na ndo sababu wewe na meza yako mnavutana ila hamuoni kitu (Henry Cavendish alipopima mvutano wa mipira ya madini ya risasi mwaka 1798 ilibidi achungulie kwa darubini kutoka nje ya chumba, akiogopa hata upepo wa joto la mwili wake).

Tatizo liko kwenye r. Kanuni hii ni ya nukta yenye masi, na dunia sio nukta, ni limpira likubwa, sasa umbali unaanzia wapi? Katikati. Mwanasayansi Isaac Newton alishaonyesha kwamba mpira ambao masi yake imepangika sawa pande zote unavuta vitu vilivyo nje yake kana kwamba masi yote imerundikwa kwenye kitovu. Kwa hiyo r siku zote inapimwa kutoka kitovuni, hata kama swali linakupa kimo tu.

Tufanye moja. Kituo cha anga kiko kilomita 400 juu, g ya huko ngapi? Masi ya dunia ni 5.97 × 10²⁴ kg, nusu kipenyo chake kilomita 6,370. Kwanza jumlisha, 6,370 + 400 = 6,770, halafu geuza iwe mita, 6.77 × 10⁶. Juu, G mara M inakupa 3.98 × 10¹⁴. Chini, r mara r ni 4.58 × 10¹³. Gawanya, unapata 8.69. Umeona? Huko juu mvutano bado upo karibu asilimia 89 ya wa huku chini, wale wanaanga hawaelei kwa sababu mvutano umeisha, wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja muda wote kuizunguka dunia.

Sasa ona anayeweka 400 peke yake kwenye r. Anapata kama 2,490, yaani mtu wa kilo 70 avutwe kwa newton laki na sabini na kitu, atakuwa chapati huyo. Jibu la g kuzidi 9.8 wakati umepanda juu, rudi nyuma, kuna kitu umeharibu. Na ukipata kitu kama 9,800,000 pale ulipotegemea 9.8, usihangaike sana, umesahau kugeuza kilomita kuwa mita, ile elfu imezidishwa mara mbili ikawa milioni.

Mara nyingi mimi hata G siigusi. Natumia uwiano. r ikiwa mara mbili ya nusu kipenyo, g inagawanywa kwa 4, inabaki 2.45. Mara tatu, gawanya kwa 9. Mwezi uko mbali mara 60 hivi, kwa hiyo g ya dunia kule ni 9.8 gawanya kwa 3,600, yaani 0.0027, na hako kadogo ndo kanaushikilia mwezi usitoroke. Kuwa mwangalifu tu, r ikiwa mara mbili ya nusu kipenyo, kimo ni kilomita 6,370, sio 12,740, hapo wengi wanadondoka.

Ukikuta swali lina vitu viwili, kumbuka g ina mwelekeo, inaelekea kwa anayevuta. Kati ya dunia na mwezi, g zao zinapingana kwa hiyo unatoa, hujumlishi. Dunia ina masi mara 81 ya mwezi, na kipeuo cha pili cha 81 ni 9, basi pale zinapolingana panagawa njia 9 kwa 1: kama kilomita 346,000 kutoka kitovu cha dunia, na 38,000 tu zimebaki kufika kitovu cha mwezi.