Mwanamume aliyebakwa akija zamu yako

Hatua ya 1: Msikilize kwa macho pia. Ni wachache wanaosema "nimebakwa". Atakwambia, "Sista, bawasiri inanisumbua," au kwamba majambazi walimpora simu usiku, ila anaketi kwa paja moja ukingoni mwa benchi. Usimhoji dirishani foleni ikisikiliza. Mpeleke chumbani, funga mlango, umuulize angependa kuhudumiwa na nani. Usidhani atachagua mwanamume. Wapo wasiotaka kuona sura ya kiume siku hiyo.

Hatua ya 2: Mwambie, "Nakuamini. Hukukosea." Kisha nyamaza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuliza kijana mmoja, "Na nguvu zote hizo, hukupigana?" Alichukua koti akaondoka, kadi akaiacha mezani. Mtu akishikwa na hofu mwili huganda, awe na misuli kiasi gani.

Kuna jambo linalowatafuna kuliko maumivu yenyewe, nalo usingoje aulize: "Huenda uume ulisimama, hata ukamwaga. Mwili ukiguswa hufanya hivyo wenyewe. Hiyo si kukubali." Nimeona mabega yakishuka hapo hapo.

Hatua ya 3: Hesabu saa tangu tukio. PEP, dawa za kuzuia VVU, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Atazimeza siku 28. Pima VVU kwa ridhaa yake, ila majibu yakichelewa usiicheleweshe dozi ya kwanza. Ongeza dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya hepatitisi B, na ya pepopunda akiwa na jeraha.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kabla ya kila mguso, hasa njia ya haja kubwa. Akisema basi, ni basi. Nguo ziingie bahasha ya khaki. Plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaoza. Jaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, siku hiyo hiyo, utie sahihi. Usimrudishe polisi kwanza ndipo umtibu. Akitaka kushtaki, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006 inasema "mtu", haisemi mwanamke.

Hatua ya 5: Kabla hajatoka, muulize atalala wapi, na kama amewaza kujiua. Uliza waziwazi. Mpe 1195, simu ya bure ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia. Chukua namba yake, mkubaliane utajiita nani mkewe akipokea.