Mcheri wa Kanzan: kuuchagua, kuupanda, na mwezi wa kushika mkasi

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu, kusini mwa Uingereza. Kila mwezi wa nne ukielekea mwisho natumiwa picha za mti uliofunikwa maua ya waridi mpaka matawi hayaonekani, na swali ni lile lile: mti gani huu, nami nitaupandaje? Mara nyingi ni Kanzan, mcheri wa maua kutoka Japani ambao umejaa mitaa ya huku.

1. Uujue kwanza

Ua la mcheri wa mwituni lina petali 5. La Kanzan lina zaidi ya 20, na maua hutoka kwa vishada pamoja na majani machanga yenye rangi ya shaba. Lifungue ua moja: katikati, mahali ambapo tunda lingeanzia, mara nyingi utakuta vijani viwili vidogo vya kijani. Kwa hiyo usitegemee cheri za kula. Wajapani huyatia maua haya chumvi, kisha huyaweka kwenye maji ya moto na kuyanywa harusini. Nimeonja. Nabaki na chai yangu ya tangawizi.

Mti mchanga husimama kama faneli, ukizeeka hutanuka. Unaweza kufika mita 8 au zaidi kwenda juu, na upana haupishani sana na urefu. Mizizi hutambaa juu juu na huinua vigae vya njia, hivyo uweke mbali na ukuta na baraza.

2. Kununua

Kanzan haupandwi kwa mbegu. Hubebeshwa, yaani kitawi chake huunganishwa kwenye shina la mcheri mwingine, kama tunavyobebesha miembe. Miti ya mizizi wazi, isiyo na chungu, huuzwa kuanzia Novemba hadi Machi na ni ya bei nafuu. Angalia mizizi ina unyevu. Ikiwa imekauka kama kamba, rudisha.

3. Kupanda

Chagua mahali penye jua. Chimba kishimo cha sentimita 50, ukijaze maji. Yakiwa bado yamelala kesho yake, hama: mcheri haustahimili miguu yenye maji.

Shimo la kupandia liwe pana mara tatu ya mizizi, lakini kina chake kisizidi cha mizizi. Mahali shina linapotanuka kuingia kwenye mizizi pawe usawa wa ardhi, na kovu la kubebesha libaki juu. Rudisha udongo ule ule, shindilia kwa kisigino, mwagia ndoo mbili. Kijiti cha kuegemeza mche kiwe kifupi, theluthi ya urefu wa shina, na ukitoe baada ya miaka miwili. Tandaza mboji sentimita 5 hadi 8, isiguse shina. Kwa miaka hiyo miwili ya mwanzo, jua likikaza mwagia maji mengi kila wiki.

4. Mkasi

Mtufaa hupogolewa wakati wa baridi, ukiwa hauna majani. Wengi hudhani mcheri ni vivyo hivyo, nami nilidhani hivyo. Mwaka wangu wa pili kazini nilipogoa Kanzan mwezi Januari kwa sababu tu nilikuwa na nafasi. Baadaye upande mmoja ukatoa majani yenye mng'ao wa fedha. Tulipokata tawi, ndani palikuwa na doa la kahawia. Ni kuvu: vijimbegu vyake huenea majira ya vuli na baridi penye unyevu, na huingilia kwenye kidonda kibichi ambacho mti uliolala hauwezi kukifunga. Mti ule tuliung'oa, na mpya niliulipia mimi.

Sasa napogoa mwezi wa sita hadi wa nane, siku kavu. Naondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, basi. Nakata nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapotokea, na kidonda sikipaki rangi.

5. Ya kuangalia kila mwaka

Machipukizi yanayotoka chini ya kovu yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini. Niliwahi kuitwa kwenye mti uliotoa maua ya waridi upande mmoja na meupe madogo upande wa pili. Mwenyewe aliona ni maajabu, kumbe shina la chini lilikuwa linaumeza mti alioununua.

Vidukari weusi wakikunja majani ya nchani, mti mkubwa hauna neno. Gundi kidogo kwenye gome pia si kitu. Gundi ikiambatana na gome lililobonyea, ni donda la bakteria: subiri kiangazi, ukate mpaka kwenye sehemu nzima.

Na kwa ndugu wa Dar na Mombasa wanaoniomba niwaletee mche: vitumba vya Kanzan haviamki vizuri bila wiki nyingi za baridi kali, na huko hamna. Pandeni mkrismasi, ule wa maua mekundu.