Kabla hujapandisha ng'ombe wako hapa Mombasa

Banda kwanza. Mabati ya chini huku pwani yanampika mnyama; ezeka makuti, paa liwe juu, upepo upite. Maji yawepo mchana na usiku. Chumvi ya madini isikosekane. Aliyezaa mpe kama siku 60 kizazi kirudi, ndipo umpandishe. Aliyekonda mlishe kwanza.

Sasa daftari la kuandika tarehe za joto, yaani siku ng'ombe anapotaka dume, na hapa ndipo watu wanapoumia. Jirani mmoja wa Kisauni alipandisha Friziani wake, ng'ombe wa maziwa, wakati wa kaskazi. Kila akipeleka majani mchana alimkuta amelala, anahema, kimya. Siku 21 zikapita, ambapo asiyeshika mimba hurudi joto, hakuona kitu, akajua mimba imeshika. Akamlisha kwa matumaini, kisha akamkausha maziwa ajiandae kuzaa. Siku zikatimia, zikapita. Daktari alipoingiza mkono, hamna kitu. Hapo mlinzi wa usiku ndipo akasema: mbona huyu alikuwa akilia usiku na kumpanda mwenzake, tena si mara moja? Hakuna aliyewahi kumwuliza. Zaidi ya miezi tisa ya chakula, ndama hakuna, maziwa hakuna, na ada ya shule ilitegemea maziwa hayo. Iliniuma sana.

Kwa hiyo mtazame kabla ya kulala na tena alfajiri. Kwenye jua kali dalili hufifia na joto lenyewe hukaa saa chache. Anayesimama tuli apandwe, huyo yuko tayari: ukimwona asubuhi, apandishwe jioni, ukimwona jioni, kesho asubuhi. Ukikuta damu kidogo mkiani, joto limeshapita. Usiite mpandishaji, andika tarehe, anza kumvizia baada ya wiki mbili na nusu. Mlinzi naye apewe kalamu. Na hata asiporudi joto, apimwe mimba kati ya miezi miwili na mitatu. Pesa ya kipimo ni ndogo kuliko gunia moja la chakula ulilomlisha bure.

Sindano ya kuleta joto usikubali achomwe ambaye hajapimwa. Akiwa na mimba itatoka. Dume la bure la jirani lisije likawa baba yake huyo mtamba, wala lisiwe na ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe waogeshwe kwa ratiba kuzuia kupe, ndigana wanayoileta haingoji. Na mbegu za dume unazoletewa na mpandishaji, uliza zimetunzwaje njiani, usione haya.