Ninavyotunza mashine ya oksijeni ya Baba kiangazi cha Tabora

Hapa Isevya mwezi wa Agosti ukifagia asubuhi, saa sita meza inaandikika kwa kidole. Mashine ya Baba inavuta hewa hiyohiyo ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu. Ndani inanasa naitrojeni, kisha inampelekea puani oksijeni ya asilimia 90 na ushee. Vumbi linazuiwa na sponji ya nyuma, na hapo ndipo kazi yangu kubwa ilipo.

Ushauri wa kawaida ni kuosha sponji mara moja kwa wiki. Mimi kiangazi naosha Jumatano na Jumamosi. Nazima mashine, nachomoa waya ukutani, natoa sponji na kuiminyaminya kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Maji ya kwanza yanatoka kama chai ya rangi. Nasuuza mpaka yatakate, naikandamiza ndani ya taulo, naianika kivulini. Isirudi na unyevu hata kidogo, maana unyevu unaharibu zile chembe za ndani zinazonasa naitrojeni. Kwa hiyo nina sponji mbili, moja ikiwa kambani nyingine iko kazini. Mashine yenyewe naiweka mbali na ukuta na pazia ipate kupumua.

Chupa ya maji, ambamo oksijeni inapita ipate unyevu kabla ya kufika puani, naimwaga kila asubuhi na kuiosha, siongezei maji juu ya ya jana. Natia yaliyochemshwa yakapoa, yasizidi mstari wa juu. Kifuniko ndicho kilichowahi kuniponza. Nilikifunga upande, mashine ikanguruma vizuri, kijipira cha kipimo kikakaa kwenye lita 2 alizoandika daktari, na chupa ikatoa mapovu. Baba akaniambia, "Mama, leo hakuna kitu kinachokuja." Nikadhani ni uzee. Nikachovya ncha za mrija kwenye glasi ya maji: kimya. Nilipokifunga upya, mapovu yakachemka ndani ya glasi. Siku hizi najaribu hivyo kila nikishabadilisha maji, kisha nakung'uta na kukausha ncha kabla ya kumrudishia puani. Mrija ukianza kuwa mgumu, natupa.

Pua zikikauka, asipakwe mafuta ya mgando, kwani mafuta na oksijeni ni moto. Tulipewa jeli ya maji. Mjomba, mkulima wa tumbaku wa Urambo, kiko chake anakizima chini ya mwembe, ndipo anaingia. Alinuna wiki mbili.

Umeme ukikatika kengele ya mashine inalia, tunahamia mtungi wa akiba. Kila Jumamosi nasoma mshale wake na kuhakikisha spana ya kuufungulia iko palepale, imefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi. Gizani hakuna anayekumbuka aliiweka wapi.